Sheria ya Makandi

Kwa miaka arobaini na sita sikuwahi kumwita mke wangu kwa jina lake. Nilimwita Mama Kirimi, kwa mtoto wetu wa kwanza. Yeye aliniita Baba Kirimi. Makandi lilikuwa jina la mama yake kumwitia, na la kitambulisho. Sasa nalisikia kila mahali. Nalisikia sokoni Muthara, kwenye foleni ya zahanati, hata kwa vijana wa bodaboda. Hawamwiti yeye. Yeye tumemzika. Wanatumia jina lake kumaanisha wizi.

Nataka kusema alivyokuwa. Sitasema mengi, si kawaida yangu.

Alizaliwa upande wa Laare, kwenye miraa. Shule alifika darasa la nne. Mimi sikufika hata la kwanza. Nilichunga ng'ombe wa baba, wakaisha, nikachunga wa wengine. Tulipooana yeye ndiye aliyesoma barua, mimi nikasikiliza. Sikuona haya. Nyumba moja ikiwa na msomaji mmoja, inatosha.

Alijua kupikia watu wengi. Si kila mwanamke anajua. Kupikia watu sita na kupikia watu mia mbili ni kazi mbili, kama kuchunga mbuzi na kuchunga nyuki. Alisimama mlangoni mwa kiwanja cha harusi akatazama watu wakiingia, akasema, "Hawa ni mia na themanini, na wale watatu wa nyuma hawatakula, wamelewa." Ikawa hivyo. Nkima yake, ndizi na viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, ilikuwa laini hata mtu asiye na meno akaila. Wazee walimpenda kwa hilo. Sasa na mimi sina meno, na simjui mwingine anayeiponda hivyo.

Kaunti zilipokuja, vikao vikaja nazo. Kikao cha barabara, kikao cha maji, kikao cha bajeti. Wananchi waitwe watoe maoni. Na mtu akiitwa tangu asubuhi ni lazima ale, na chakula hicho kilinunuliwa kwa pesa ya umma. Mama Kirimi akaandikwa mpishi wa wadi yetu. Alishona aproni ya buluu. Nyama alichukua kwa Abubakar, mwenye bucha Muthara, Mwislamu, ili kila mtu ale bila kuuliza nani amechinja.

Utaratibu ulikuwa hivi. Karani alikuwa na orodha, majina ya walioalikwa yameandikwa tayari. Unatia saini mbele ya jina lako. Kama hujui kuandika, unatia dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mwenye alama anapata sahani moja. Asiye nayo anatazama wengine wakila.

Hapa ndipo kosa lilipo, na ni langu.

Rafiki yangu Nthiga aliumia mguu, hakutembea tena. Ni mtu wa Embu, alikuja kwetu kijana kutafuta kazi, akabaki. Jina lake lilikuwa kwenye orodha. Sasa mimi nimekulia kwenye vikao vya wazee. Mbuzi akichinjwa kikaoni, fungu la mzee aliye mgonjwa halipotei. Linafungwa kwa jani la mgomba na jirani yake analipeleka hadi kitandani. Anayelibeba haonji. Akionja ni mwizi. Asipolibeba ni mwizi zaidi. Mimi nilijua hivyo. Sikujua kuna namna nyingine.

Nikamwuliza karani, "Nthiga yuko wapi hapa?"

Akanionyesha mstari. "Lakini hajakuja, mzee."

"Ni mgonjwa. Nampelekea fungu lake."

"Bonyeza basi. Chakula ni cha serikali."

Nikabonyeza.

Kikao cha pili nikabonyeza tena, na kwa wajane wawili wa kule juu ambao kilima kimewashinda. Kikao cha tatu, kipofu wa karibu na kisima. Walifika kumi na mmoja. Mama Kirimi alifunga mafungu, mimi nikayabeba kwenye gunia safi, nikapanda kilima nikayagawa yakiwa bado na moto. Sikuonja. Nthiga alikuwa akiniuliza, "Leo kikao kilijadili nini?" Namwambia, "Barabara." Anasema, "Barabara hii ina ladha ya ng'ombe." Tunacheka.

Miaka miwili tulifanya hivyo.

Kisha akaja mkaguzi kutoka makao makuu, kijana mpole, miwani. Alikaa na orodha zile siku nzima. Akaona dole moja limekaa mara kumi na mbili kwenye kila karatasi. La kwanza langu, kumi na moja ya wengine. Majina arobaini mengine, nilikuja kuambiwa, yalikuwa na saini za kalamu. Watu hao sikuwaona kikaoni hata siku moja, na wawili wao nilichimba makaburi yao mwenyewe. Lakini kalamu haiachi mistari ya ngozi. Hakuna aliyeuliza kuhusu hao arobaini.

Tuliitwa ofisini. Msimamizi wa wadi anaitwa Mwirigi, mtu wa tumbo na maneno matamu. Naibu wa chifu alikuwepo, karani pia. Yule karani aliyeniambia bonyeza alitazama dirisha muda wote, kana kwamba dirishani kuna mtu anamdai.

"Kuna chakula cha umma kilitoka hapa kwa magunia," Mwirigi akasema. "Mpishi na mtu mwingine wamepanga. Nataka kusikia."

Nikafungua mdomo. Mama Kirimi akanikanyaga mguu. Alikuwa amevaa gambuti za jikoni, nikaumia.

"Mimi ndiye niliyefunga," akasema.

"Na kidole?"

"Nimesema mimi ndiye niliyefunga. Huyu ni mzee, hajui karatasi."

Nilinyamaza. Hilo ndilo nililofanya. Wengine wanaweza kuniambia walifanya nini maishani mwao. Mimi siku ile nilinyamaza.

Njiani nikamwuliza, "Kwa nini hukuniacha niseme?"

"Wewe wakikufunga, utasoma karatasi gani huko ndani, Baba Kirimi? Utabonyeza kila wanachokuletea. Utatoka umekiri kumuua mtu." Akatembea kidogo. "Mimi watanikataza kupika tu. Sufuria ni zangu, hawatazichukua."

Wakamkataza kupika. Barua ilikuja, akaisoma mwenyewe, akaiweka chini ya kopo la chumvi. Akafua aproni ya buluu, akaikunja, sikuiona tena. Tulifikiri imeisha.

Haikuisha, kwa sababu watu walipata neno. Sijui alianza nani. Mtu akitia saini ya mwenzake, wakasema amepiga Makandi. Mtu akichukua sahani mbili, amepiga Makandi. Kijana akidanganya kwenye foleni ya mbolea, "Wewe, usitupigie Makandi hapa!" Mimi niliambiwa na Abubakar. Nilikwenda kununua mifupa, mteja mmoja akalitamka, Abubakar akaweka kisu chini.

"Toka," akamwambia.

"Nimefanya nini?"

"Toka. Mbwa wako atakula kwingine leo."

Nikamwuliza Abubakar yule amekosa nini. Akanitazama. "Hujui, Baba Kirimi? Wanalisema soko zima." Akanieleza, polepole, akinifungia mifupa. Hakuchukua pesa.

Nilipofika nyumbani sikumwambia mke wangu. Kumbe alijua zamani kuliko mimi. Muuza vitunguu alimwambia mwenzake mbele yake, "Hesabu vizuri, usinipigie Makandi." Naye alicheka, akanunua chumvi, akaja nyumbani. Alinisimulia hivyo, kama jambo la mtu mwingine. Lakini tangu siku ile akawa hatumii jina hilo hata zahanati. Alikuwa akisema, "Andika Mama Kirimi." Muuguzi anasema hilo si jina. Anasema, "Ndilo langu."

Harusini hawakumwita tena jikoni. Kwenye mazishi walimwachia kumenya viazi. Mwanamke aliyepikia wadi nzima, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi, na wasichana wanaochoma wali wanamwambia, "Mama, menya nyembamba." Alimenya nyembamba.

Kifua kilimchukua mwaka wa nne baada ya barua. Alilala siku tisa. Siku ya nane aliniomba nkima, nikajaribu, ikawa na mabonge. Akala kijiko kimoja. "Baba Kirimi," akasema, "hata wadi haingekuandika." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyaelewa.

Siku ya mazishi watu walikuja wengi. Chakula kilipikwa na wale wale wasichana. Foleni ikawa ndefu, na msichana mwenye mwiko akaona mtu anarudi mara ya pili, akapaza sauti, "Nyinyi, msipige Makandi!"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka wako kwa nani. Kicheko kilikatika kama kamba. Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakauka, nauona kutoka pale nilipokaa. Msichana akajifunika mdomo kwa mkono wenye mwiko, mchuzi ukamwagika kifuani mwake. Sikumlaumu. Hakukusudia. Kwake lilikuwa neno tu. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba ni neno tu.

Sasa, mwanangu Kirimi anafanya kazi kwenye shamba la ngano Timau. Mkewe, Kinya, anakaa hapa nyumbani na watoto. Binti yao wa kwanza alipewa jina la mke wangu, kama desturi yetu. Kwa hiyo yuko Makandi mwingine, wakati huo wa darasa la pili, ana pengo mbele na anapenda kuimba. Siku moja alirudi kutoka shuleni hakuimba. Mwalimu ameita majina, mtoto mmoja akaitikia kwa niaba ya mwenzake aliyechelewa, darasa zima likapiga kelele, "Amepiga Makandi!" na wote wakamgeukia yeye.

Akaniuliza, "Babu, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Basi kwa nini ni jina langu?"

Wiki ile nikaingia ngumbaru, masomo ya watu wazima, nyuma ya kanisa, Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa na miaka sabini na saba. Mwalimu wetu, mama mmoja anaitwa Gatakaa, akaniuliza kila mzee humu ana sababu yake, yangu ni ipi, Biblia au simu. Nikamwambia kidole. Hakuelewa. Akanipa penseli.

Mwaka mmoja na nusu. Ndipo tukaitwa kikao.

Kikao kilikuwa cha sheria mpya za chakula cha vikao. Ni kweli. Tuliitwa kutoa maoni jinsi tutakavyolishwa tukija kutoa maoni. Sheria zenyewe zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Wakubwa walikaa hoteli moja Timau siku nne, wakila asubuhi, mchana na jioni, na keki katikati, wakaamua mwananchi apewe andazi. Kirimi aliona magari yao yakipita.

Mlangoni kulikuwa na orodha na kile kibati cha wino. Karani alikuwa yule yule, Muchangi, sasa ana mvi. Akanisogezea wino bila kunitazama.

"Kalamu," nikasema.

Akainua macho. Nikaandika jina langu, MUTEMBEI. Ilichukua muda, waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Nikaandika mara moja tu.

Mwirigi akasoma. Tumbo limeongezeka. Kikao kisichozidi muda wa saa nne, hakuna chakula, ni chai na andazi moja. Kikizidi saa nne, chakula, sahani moja kwa kila aliyetia saini. Hakuna kufunga na kupeleka nyumbani. Kilichobaki kitaandikwa na kuharibiwa.

Bibi mmoja akauliza, "Kuharibiwa ni vipi?"

"Kumwagwa, mama. Mbele ya mashahidi."

"Chakula kimwagwe na watu wakitazama?"

"Ndiyo utaratibu."

"Mashahidi nao watakula nini?"

Watu wakacheka. Mwirigi naye akacheka, ni mtu wa kucheka. Akasoma ya tano: ni marufuku mtu kutia saini au kidole kwa niaba ya mtu mwingine asiyekuwepo.

Sauti ikatoka nyuma, "Hiyo ni sheria ya Makandi!"

Ukumbi ukalipuka. Mwirigi akapiga meza, machozi ya kicheko yanamtoka. "Haya! Kuna anayepinga sheria ya Makandi?"

Nikasimama.

"Mzee, ni swali au ni maoni?"

"Ni kidole."

Wakacheka tena, wakidhani natania. Nikangoja. Mimi ninajua kungoja, nimechunga ng'ombe. Walipotulia nikainua dole gumba langu la kulia.

"Kidole kilikuwa hiki. Nilibonyeza mara kumi na moja kwa watu kumi na mmoja, wagonjwa na wajane. Karani alijua. Chakula kilifika kwao. Mke wangu alifunga tu kwa sababu mimi nilimwambia afunge. Ofisini nilinyamaza. Naomba jina lake litoke kwenye hii sheria."

Niliona wajane wale wawili, mmoja sasa haoni, wote wameletwa kwa bodaboda, wameinamisha vichwa. Kijana mmoja karibu na mlango akasema, "Basi tuiite sheria ya Mutembei!"

Kicheko.

"Ndiyo," nikasema. "Hilo ndilo naomba. Iitwe hivyo."

Wakacheka zaidi. Hawakujua nimemaanisha. Au walijua.

Mwirigi akafuta macho. "Mzee wetu, pole kwa kumpoteza mama. Hayo yalipita. Marehemu mwenyewe alikiri."

"Alikiri kufunga. Hakukiri kuiba."

"Mzee—"

"Na wale arobaini wa kalamu?"

Hapo hakucheka. Akatazama saa yake, akawageukia watu. "Ndugu zangu, tumebakisha dakika ishirini saa nne zitimie. Zikitimia, sheria inasema niwalishe, na bajeti ya leo ni ya chai. Mzee Mutembei, kaa, tafadhali. Wanaounga mkono wainue mikono."

Wakainua mikono. Nthiga angekuwepo asingeinua. Nthiga alikufa mwaka mmoja baada ya mafungu kukoma. Sisemi ni kwa sababu hiyo. Nasema alikufa.

Chai ilipokuja nikaenda kwenye meza ya Muchangi. Nikamwambia nataka kuona alichoandika nilipokuwa nasema.

"Utasoma, mzee?"

"Nisogezee."

Akasogeza. Nikaweka kidole kile kile chini ya mstari, nikatembea nacho neno kwa neno kama Gatakaa alivyonifundisha. Iliandikwa hivi: *Mzee Mutembei alishukuru kwa chai.*

Nilikuwa sijanywa chai.

Kalamu yake ilikuwa pale. Nikaichukua, nikaandika chini yake: *Kidole kilikuwa changu. Makandi alifunga tu.* Herufi zikapanda na kushuka. Ilikuwa mara ya kwanza mkono wangu kuandika jina lake.

"Umeharibu karatasi ya serikali," Muchangi akasema. Lakini kwa sauti ya chini, na hakuninyang'anya kalamu hadi nilipomaliza. Nilidhani labda atauacha mstari ule. Mwezi uliofuata nilikwenda ofisini nikaomba kuiona. Ilikuwa imenakiliwa upya, safi, na mimi bado nashukuru kwa chai. Saini ya aliyenakili ilikuwa ya kalamu.

Hayo yote ningeyabeba. Nimezoea kubeba. Lakini juzi, mtoto alikuwa anafanya hesabu mezani, na daftari lake jipya lilikuwa limegeuzwa jalada juu. Nikalisoma kwa mazoea, siku hizi nasoma kila kitu, hata mifuko ya unga. Nilisoma jina nisilolijua. *Purity.* Nikadhani amebeba daftari la mwenzake.

Nikamwita Kinya. Akasimama mlangoni, mikono ina unga.

"Baba, nilitaka kukuambia."

"Niambie."

"Nilimwona mwalimu mkuu. Mtoto analia kila siku, Baba. Juma lililopita walimwimbia wimbo. Hilo ni jina lake la ubatizo, hakuna kilichobadilishwa, ni kwamba tu shuleni watatumia hilo."

"Na Makandi?"

"Ataitwa hapa nyumbani." Akafuta mikono. "Wewe mwenyewe ungefanya nini, Baba? Nisaidie."

Kinya si mtu mbaya. Nilimwambia amefanya vizuri. Nilinyamaza mara ya pili. Lakini safari hii hakuna aliyenikanyaga mguu.

Sasa ni mimi peke yangu ninayelitumia jina hilo. Kwa miaka arobaini na sita sikulitumia, leo nalitumia kutwa. Jioni namwita mtoto aje ale. "Makandi!" Huitika. Lakini kwanza hutazama njiani, kama kuna mtu anapita.